Multimita ya njano DT830D: kwa wenye gari inayogoma kuwaka alfajiri

Kila siku naona mtu anauliza gari haiwaki nifanye nini, na majibu ni yaleyale, nunua betri, badilisha stata (ile mota inayozungusha injini iwake), ita fundi, afu hamna hata mmoja anayemuuliza betri inasoma volti ngapi. Sasa mi leo nataka niongelee kifaa ambacho kwa maoni yangu kila mwenye gari hapa mjini anatakiwa awe nacho ndani ya dashibodi, ile multimita, yaani kipima umeme, ndogo ya njano inaitwa DT830D, ukipita Kariakoo maduka ya vifaa vya umeme utaiona imetundikwa mlangoni, mimi niliuziwa sh 15,000 baada ya kubishana kidogo na wengine wanapata chini ya hapo. Haina kampuni moja, zinatoka viwanda vingi huko China zote zikiwa na sura ileile na maandishi yaleyale, kwa hiyo mbili zinaweza kufanana kwa nje ila moja ikawa na waya nzuri na nyingine waya zake zikatoka siku ya pili, hiyo nitaieleza mbele.

Kwanza niseme natumia gari ya aina gani ili mnielewe. Nina Toyota Noah ya zamani, SR40 yenye injini ya 3S-FE, ni ya kazi, nafuata samaki soko la Feri, na anayejua biashara ya samaki anajua mnada haukusubiri, ukichelewa unakuta wazuri wamechukuliwa na bei imeshapanda. Natoka nyumbani saa kumi alfajiri. Muda huo fundi gani atapokea simu? Na Noah yangu ni otomatiki, hata wakija vijana kumi kusukuma haiwaki, gari ya otomatiki huwezi kuiwasha kwa kusukuma. Kwa hiyo kwangu mimi kujua kwa nini gari haiwaki, palepale, gizani, ni suala la mtaji.

Ndani ya boksi unapata mita yenyewe, waya mbili nyekundu na nyeusi zenye ncha za chuma, betri ya volti 9 ndogo ya mraba imeshawekwa, na karatasi ya maelezo ambayo maandishi yake ni madogo mno. Katikati ina kitufe kikubwa cha kuzungusha. Usiogope yale maandishi mengi, kwa kazi ya gari unahitaji sehemu chache tu. Kubwa kabisa ni upande wa volti za DC, yaani umeme wa betri, wenye alama ya V na mstari ulionyooka na vidoti chini yake, hapo unazungusha mpaka 20. Sio 2000m, sio 200, ni 20. Ukiweka kwenye 2000m itakuandikia 1 peke yake upande wa kushoto na watu wengi wakiona hiyo wanadhani mita mbovu wanarudisha dukani, kumbe inakwambia umeme ni mwingi kuliko kipimo ulichochagua. Waya mweusi unachomeka COM, mwekundu unachomeka tundu la katikati lenye VΩmA. Tundu la juu lenye 10A usiliguse mpaka nikueleze.

Basi unagusa nyekundu kwenye chanya ya betri, nyeusi kwenye hasi. Ukikosea ukageuza haiharibiki kitu, inaweka tu alama ya kutoa mbele ya namba.

Betri nzima iliyojaa, gari ikiwa imezimwa na imelala usiku, inasoma kama 12.6. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na ikishuka chini ya 11.9 hiyo kwa kazi ya kupiga stata ihesabu imekufa mpaka ichajiwe. Ona hapo, kati ya iliyojaa na iliyokufa tofauti haifiki hata volti moja, ndo maana mtu anawasha taa za ndani zinawaka vizuri, redio inaongea, anaapa betri yangu nzima, wakati mita ingemwambia 11.8. Taa ya ndani haihitaji kitu, stata ya gari ya petroli inavuta ampia 100 mpaka 200 kwa mara moja. Kitu kingine, usipime betri gari ikiwa ndo imetoka barabarani, itakuonyesha 12.9 au 13 na hiyo sio chaji ya kweli, ni ya juujuu. Washa taa kubwa dakika moja au mbili, zima, subiri kidogo, ndo upime. Au pima asubuhi kabla hujafungua kitu, hiyo ndo nzuri kuliko zote.

Na kwa sisi wa pwani, betri zinakufa haraka kwa sababu ya joto, joto linakausha maji na kula sahani za ndani, kwa hiyo usishangae ya mwenzako wa Mbeya ikadumu kuliko yako. Kama ni betri ya kuongeza maji fungua vifuniko uangalie, weka maji ya betri ya dukani, sio ya bomba.

Ila hiyo 12.6 peke yake haitoshi na hapa ndo watu wengi wanapoishia, hata mafundi. Betri inaweza kusoma 12.6 ikiwa imelala halafu ukiipa mzigo inaanguka. Kwa hiyo ncha ziache zimegusa betri, mtu mwingine apige stata, wewe macho kwenye mita. Betri nzima inashuka lakini inabaki juu ya 9.6 hivi, na mara nyingi inakaa 10 na kitu. Ukiona inaanguka mpaka 8 au 7 na stata inajikongoja, na vichwa vya betri, zile temino zinazoshika waya, ni visafi vimekaza, hiyo betri imechoka ndani, hata ukiichaji usiku kucha kesho itakurudisha hapohapo. Hapo nenda kanunue kwa moyo mmoja. Ukienda kununua angalia namba iliyoandikwa kwenye ya zamani, mfano 55D23L, hiyo 23 ni urefu wa betri kwa sentimita, D ni saizi ya kimo na upana, na L ni upande ilipokaa temino, ukichukua yenye R waya zako zinaweza zisifike au ukazivuta kwa nguvu mpaka zikatike.

Gari ikishawaka usiondoke, pima tena injini ikiwa inanguruma. Inatakiwa isome kati ya 13.5 na 14.7. Ikisoma 12.3 na inazidi kushuka, altaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka, haichaji, na hata ukiweka betri mpya ya laki mbili itakuwa tupu baada ya muda mfupi. Ikisoma 15 na zaidi inachaji kupita kiasi, itachemsha betri. Kipimo hiki ni cha sekunde chache na kinamaliza ule ubishi wote wa betri au altaneta, maana nimeshaona mtu anachomoa temino ya betri gari ikiwa inawaka ili aone kama altaneta nzima. Jamani msifanye hivyo na msikubali mtu awafanyie, umeme unaweza kuruka juu ghafla ukaunguza kompyuta ya gari, na kifaa cha kukupa jibu hilohilo bila hatari ni hiki cha elfu kumi na tano.

Sasa nije kwenye jambo ambalo lilinifanya nikiheshimu hiki kidude.

Noah ilianza kufanya "tak". Unageuza funguo, tak, kimya. Unageuza tena, tak. Mara ya tatu au ya nne inashika kama haijawahi kuumwa. Taa zote zinawaka vizuri, hazififii. Fundi wa karibu alisikiliza tu akasema stata imekufa, tafuta nyingine ya mtumba, laki na nusu, na ufundi juu yake. Inawezekana kabisa angeifunga na gari ingewaka. Lakini jirani yetu kuna mzee, fundi umeme wa magari wa siku nyingi ameshastaafu, nilimpelekea hiyo habari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, gari inasemaje?"

Nikamweleza. Akaniuliza swali moja, ukigeuza funguo ikalia tak, mita kwenye betri inashuka mpaka ngapi? Tukaenda kupima. Betri 12.6, geuza funguo, tak, 12.4. Haishuki zaidi ya hapo.

Akasema, "Basi betri haijaombwa kitu. Stata ingekuwa inavuta ungeona inaenda 10. Umeme mkubwa haujaondoka nyumbani."

Hiyo ndo akili ya mita. Kama ingekuwa imeshuka mpaka 7 tungesema betri imekufa, au stata imeng'ang'ana. Haikushuka, maana yake njia ya umeme mkubwa imekatika mahali fulani kati ya betri na mota ya stata, na kwa vile tak inasikika, ile swichi ya umeme ya kwenye stata, solenoidi, inapata amri na inavuta. Kijana wake anayefanya ufundi akaingia chini, gari ipo P, handibreki juu, mawe kwenye matairi. Akapima waya mdogo wa amri, funguo ikigeuzwa unapata volti 12 kasoro kidogo, sawa. Skrubu nene inayotoka betri, 12 na kitu, sawa. Skrubu ya pili ambayo inapeleka umeme kwenye mota yenyewe, sifuri. Umeme unaingia, hautoki. Hapo hata mtoto anaweza kukwambia tatizo liko wapi.

Wakachomoa temino ya hasi ya betri kwanza, hilo ni lazima maana ule waya mnene wa stata una umeme muda wote hata gari ikiwa imezimwa, wakashusha stata, wakafungua kifuniko cha duara cha nyuma. Ndani kuna vipande viwili vya shaba na kisahani cha shaba kinachokuja kuvigonga vyote viwili kwa pamoja ili umeme upite. Kipande kimoja kilikuwa kimelika, kimebaki chembamba upande mmoja, kisahani kinagusa huku hakigusi huku. Stata nyingi za Denso zilizofungwa kwenye Toyota za miaka ile, 3S-FE, 5S-FE na wenzake, zinaumwa ugonjwa huu na vile vipande vinauzwa peke yake. Tulivipata Gerezani sh 20,000. Mota yenyewe ilikuwa nzima, kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota bado ndefu, ikapakwa grisi kidogo ikarudi. Mpaka leo ukigusa funguo inawaka. Ile ya mtumba ya laki na nusu nayo ingetoka kwenye gari ya umri uleule, na shaba zake zingekuwa zimekula chumvi ya miaka mingapi, nani anajua.

Ndo maana nasema kifaa hiki kimejilipa.

Kuna kipimo kingine ambacho nakipenda zaidi hata ya hicho, na kwa sisi tunaobeba samaki kinatuhusu sana, maana maji ya barafu yanayeyuka yanachuruzika na chumvi yake, gari inakula kutu sehemu ambazo huzioni. Kila gari ina waya mnene wa hasi unaotoka betri kwenda kwenye bodi na kwenye injini, mafundi wanauita athi. Ukishika kutu pale ulipofungwa, au nyuzi zikaoza ndani ya ngozi ya waya, stata inageuka kwa uvivu kama betri imeisha. Rafiki yangu mmoja wa hapohapo Feri alinunua betri mpya kwa dalili hiyo na gari ikaendelea vilevile, mpaka akaanza kumlaumu muuza betri.

Nikampimia hivi. Mita kwenye 20 ileile, ncha nyeusi kwenye nguzo ya hasi ya betri, ninaposema nguzo nina maana ile risasi yenyewe ya betri sio kile kibano cha waya, ncha nyekundu kwenye chuma kisafi cha injini, sehemu isiyo na rangi. Apige stata. Hapo mita inatakiwa isome kidogo sana, 0.2 au chini yake, kwa sababu unapima umeme unaopotea njiani. Ya kwake ilisoma 1.8. Karibu volti mbili zinapotelea kwenye kutu! Betri inatoa 10, stata inapata 8. Akafungua boliti ya athi, ilikuwa ya kijani na nyeupe, akasugua na msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga waya mpya mnene na kupaka grisi juu yake, stata ikageuka kama ya gari mpya. Upande wa chanya unapima hivyohivyo, ncha moja kwenye nguzo ya chanya, nyingine kwenye skrubu nene ya stata, ikizidi 0.5 wakati wa kupiga stata kuna sehemu imelegea au imeoza.

Mtu atasema si ningepima tu waya kwa omu, yaani kipimo cha kizuizi cha waya. Hapana, na hapa msikilize vizuri. Hii mita kwenye omu ndogo kabisa, ile ya 200, ukigusanisha ncha zake zenyewe tu inaweza kusoma nusu omu au zaidi, hizo ni waya zake. Waya mbovu wa athi unaweza kuwa na kizuizi cha omu 0.01 tu, mita hii haiwezi kukiona kabisa. Lakini ampia 150 zikipita kwenye hiyo 0.01 unapoteza volti 1.5 nzima. Hata ukiweka mita kwenye alama ya kengele, ile inayolia umeme ukipita, waya uliobaki nyuzi tatu utalia beep vizuri kabisa na kukwambia niko mzima, halafu mzigo ukija unashindwa. Kwa hiyo waya nene pima kwa volti, gari ikiwa inapigwa stata. Ile beep itumie kwa fyuzi na waya nyembamba, hapo inafanya kazi safi, na ukinunua hakikisha inalia maana sio zote za njano zina kengele.

Kabla hata hujatoa mita, fanya haya mawili bure. Washa taa kubwa halafu piga stata, zikizimika au kufifia sana waza betri na vichwa vyake, zikibaki zinang'aa waza stata, rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme), swichi ya funguo au fyuzi. Na kama ni otomatiki na haisikiki hata tak, weka gia N ujaribu, kuna swichi kwenye gia inayozuia stata isipige gari ikiwa kwenye gia na ikichoka inaweza kukataa kwenye P ikakubali kwenye N. Na kama stata inazunguka vizuri kwa nguvu ila injini haishiki, huko ni mafuta au moto wa plagi, mita inakusaidia kidogo tu, unaweza kuangalia kama pampu ya mafuta inapata volti 12 kwenye soketi yake na kama fyuzi yake nzima, zaidi ya hapo unahitaji mashine ya kusoma kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari na fundi anayejua kuitumia.

Kubusti nako, yaani kuwasha gari kwa umeme wa betri ya gari nyingine, ina kazi yake. Ukipata msamaria usiku pima betri yake kwanza kabla hujaunga waya, malori mengi kama Fuso yanatumia volti 24, betri mbili zimeungwa, ukijiunga nayo vibaya unaunguza vitu vya gari yako vyote. Isome 12 na kitu ndo muunge, nyekundu kwenye chanya yako, nyekundu kwenye chanya yake, nyeusi kwenye hasi yake, na nyeusi ya mwisho isiende kwenye hasi ya betri yako bali kwenye chuma cha injini mbali na betri, kwa sababu cheche ya mwisho haitakiwi iwe juu ya betri inayotoa gesi ya haidrojeni, betri zimeshalipuka usoni kwa watu.

Haya, lile tundu la 10A. Hili ni la wale ambao gari inalala na 12.6 inaamka na 11.5. Kuna kitu kinanyonya usiku, na gari zetu zimefungwa alamu, traka, redio kubwa, taa za mapambo, kila fundi kaunga waya pale alipoona panafaa. Unahamisha waya mwekundu kwenda 10A, unazungusha kitufe kwenye 10A, gari imezimwa milango imefungwa, unachomoa waya wa hasi wa betri na mita inakaa katikati, ncha moja kwenye nguzo ya hasi, nyingine kwenye ule waya uliochomoa. Subiri kama nusu saa kompyuta za gari zilale. Gari nzima inasoma 0.05 au chini. Ikisoma 0.40 kwa mfano, chomoa fyuzi mojamoja, ile ambayo ukiichomoa namba inaanguka ndo mwizi wako yuko kwenye mstari huo. Jirani yetu wa IST alikuta ni alamu iliyofungwa juujuu, ilitolewa ikafungwa upya betri ikatulia.

Onyo, na hili nalisema kwa uzito wote. Mita ikiwa imekaa hivyo usiwashe gari, usiguse hata funguo, stata itavuta zaidi ya ampia 100 kupitia kifaa cha 10 na nyingi ya hizi za njano tundu la 10A halina fyuzi ya kuikinga. Na ukimaliza rudisha waya mwekundu VΩmA saa hiyohiyo. Ukiusahau kwenye 10A halafu kesho ukaenda kugusa betri ukidhani unapima volti, umeunganisha chanya na hasi moja kwa moja, waya zitayeyuka mkononi.

Mapungufu yake sasa, maana nimeisifia sana. Haina taa kwenye kioo, kwangu mimi wa saa kumi alfajiri hilo ni tatizo, lazima mtu ashike tochi. Haijizimi yenyewe, ukisahau kurudisha OFF ile betri ya volti 9 inaisha. Na hiyo betri ndogo ikianza kuisha mita haikwambii ukweli, inasoma juu kuliko kawaida, unaona gari inasoma 13.4 imezimwa unashangaa. Dawa yake, chukua betri mpya ya rimoti ya volti 1.5 uipime, mpya inasoma karibu 1.6, ikikwambia 1.9 badilisha ile ya ndani. Waya zake ni nyembamba na ncha zinachomoka, mimi nilinunua nyingine nene pembeni na ndo ninazotumia. Haiwezi kupima ampia za stata, kazi hiyo inahitaji mita ya kubana ya DC na bei yake iko mbali. Haishikilii namba ya chini kabisa, inabidi uikodolee macho wakati stata inapigwa na uhitaji mtu wa pili kwenye funguo.

Kwenye umeme wa nyumbani wa volti 230 siitumii na sikushauri, najua imeandikwa 750 juu yake ila ngozi ya waya hizo siiamini. Na wenye gari za haibridi, Prius, Aqua na nyingine, ile betri ndogo ya volti 12 pimeni kama nilivyoeleza, ikifa gari haiandiki READY hata kama betri kubwa ina chaji, lakini waya wowote wa rangi ya chungwa usisogeze hata ncha, Prius pale inatembeza volti 200 na zaidi, waachie watu wenye glavu na mafunzo.

Nikiipa alama ni 8 kwa 10 kwa kazi ya gari, na hizo mbili nimezitoa kwa sababu ya giza na waya. Kama una sh 30,000 mpaka 40,000 tafuta yenye taa na inayojizima, vipimo ni vilevile. Ukifika dukani mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, apime betri yoyote aliyonayo, agusanishe ncha usikie kengele, zungusha kitufe chote uone hakikwami. Afu chukua na vibano viwili vidogo vya mamba, vinauzwa hapohapo, unavivalisha kwenye ncha unavibana kwenye betri na mita, kama waya zinafika, unaipitisha dirishani mpaka kwenye usukani, hapo unapiga stata mwenyewe na kusoma mwenyewe bila kumwamsha mtu.